Biskuti Zilizopikwa Tukiwa Mbioni

Uvumilivu wangu uliisha pale Fomatere Pascal, mwalimu wetu, alipoelekeza kijiti chake ukutani na kuuliza swali lake kwa sauti ya mtu anayetania. Ukutani palikuwa na picha iliyotoka kwenye projekteri: mistari ya rangi, kila mstari kiwanda kimoja cha mikate cha kwenye mchezo wa interneti, na kila kiwanda cha kikundi kimoja kati yetu sisi vijana wa mji wa Baraka tuliokuwa tukifundishwa biashara pale santri, kituo cha mafunzo. Mistari yote ilikuwa imeanguka kama kuku wa ugonjwa, kwa sababu tulikuwa tumekimbia risasi, na hakuna aliyebaki nyuma kuwasha tanuri la kwenye ekrani ya kompyuta, kununua unga wala kuuza. Mstari mmoja tu, wa kijani, uliendelea kupanda polepole siku zote zile za kukimbia. Ulikuwa wetu. Kwanza watu walipiga makofi. Kisha Fomatere akaonyesha pale unapoanza kupanda, akaeleza kwamba komande moja, agizo la kupika biskuti, iliwekwa siku moja tu kabla ya mapigano, ikawekwa kwa muda mrefu kuliko zote, na jina lililoiweka ni la Esteri. Esteri, msichana wa Bibokoboko, wa kule juu milimani. Akageuka, akatabasamu. "Muntu mwenye aliweka hii komande," akauliza, "alijua nini yenye siye bengine hatukujua?"

Asiyekaa kwetu miaka ile hawezi kujua swali kama lile lina uzito gani. Milimani watu wa ng'ombe na watu wetu wa mashamba walikuwa wakiuana na kuchomeana vijiji, na huku chini ziwani kila aliyezungumza Kinyarwanda, lugha ya wale wa ng'ombe, alitembea akipimwa kwa macho. Kusema mbele ya ukumbi mzima kwamba mmoja wao alijua vita inakuja, akanyamaza, ni kumtoa mtu nje barabarani na kuwaachia vijana. Esteri alikuwa amekaa kati yangu na Apendeki, mwenzetu wa kikundi, mkono wake bado juu ya kipanya. Niliuona ule mkono ukiondoka taratibu na kuingia chini ya kitenge. Nyuma kijana mmoja akasema, "Nilisemaka." Nikasimama na mtoto mgongoni, nikaenda mpaka kwenye projekteri, nikang'oa waya. Ukuta ukabaki ukuta. Sauti ilinitoka mbaya: "Mi njo nilisema tuweke ile ya siku mingi. Mi, Mama Echa. Esteri alikatala. Muandike ile." Fomatere akanijibu kwa ule upole wenye matusi ndani, kwamba niketi, mama, hakuna aliyenishitaki mimi. Hilo ndilo lililonichoma. Kweli, hakuna aliyenishitaki mimi.

Ninaandika haya kwa sababu mwezi uliopita tumemzika Apendeki. Matanga yalikuwa kwa dada yake, kwenye uwanja wenye turubai la buluu, na mimi nilikuwa na bamama wengine kwenye kinu, tunatwanga sombe, majani ya muhogo, kwa zamu. Mwanamke mmoja nisiyemjua vizuri alikuwa akisimulia maisha ya marehemu kwa jirani yake, kwamba huyu njo alijifunza ile ya ordinateri, kompyuta zile za pale santri, pamoja na yule mwanamke wa kule juu aliyejua vita ya kesho yake. Alisema hivyo hivyo, katikati ya habari ya bei ya mawese, bila chuki hata, kama mtu anavyosema fulani alikuwa mrefu. Nikaacha mchi ndani ya kinu. Miaka imepita, mtoto aliyekuwa mgongoni mwangu sasa anasoma na kunisahihisha Kifaransa, na sentensi ya Fomatere bado inatembea mjini kwa miguu yake. Watu watatu tu ndio tuliokuwa mbele ya ekrani ile siku biskuti zilipowekwa. Mmoja yuko mbali na hawezi kuja kujitetea. Mwingine tumemfukia. Nimebaki mimi, na mimi sijui kunyamaza. Habari za ukoo wangu na za baba wa mtoto haziingii hapa. Zinaingia habari za ule mwaka, za chumba kile na mchezo ule.

Chumba kilikuwa depo ya mchele zamani. Kuta zilikuwa bado na harufu ya magunia, na mabati ya juu yalilia kila jua lilipopanda, tak, tak, mpaka wageni wakashtuka na sisi wenyewe wakati mwingine tukashtuka. Walikuwa wameweka meza ndefu, ordinateri moja kwa kila kikundi, pano za umeme wa jua juu ya paa na antena nyeupe iliyoelekezwa mbinguni kama sahani ya kuomba chakula. Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kila kikundi kilipewa kiwanda cha mikate ndani ya ekrani. Unanunua unga, unachagua cha kupika, unabonyeza, na kisaa kidogo kinaanza kuzunguka. Mikate midogo iliiva haraka na kuuzwa vizuri, lakini lazima mtu awepo kuitoa na kuwasha tena, maana ikikaa inakauka na bei inashuka. Biskuti zilichukua siku nyingi, faida yake ndogo, ila haziozi. Na pembeni palikuwa na kitufe cha otomatiki: ukikibonyeza, kiwanda chenyewe kinatoa mikate, kinaweka ghalani, kinanunua unga, kinawasha tena, kinaendelea wewe ukiwa kwako. Kikundi ambacho kiwanda chake kingesimama imara mwisho wa mwaka kingepewa tanuri la kweli, la chuma, la kuchoma mikate ya kuliwa. Tulilionyeshwa picha yake. Nililitaka tanuri lile jinsi mtu anavyotaka maji. Nilikuwa nimeshalipangia mahali, kando ya barabara ya kwenda Fizi, mahali ambapo magari yanapunguza mwendo kwa ajili ya mashimo.

Ubaya ni kwamba saa ya ule mchezo ilikuwa ya watu wengine. Ilizunguka mchana na usiku, Jumapili na siku ya matanga, kama huko ilikotengenezwa ambako kurani ya umeme haikatiki na mtu halali akiwa amevaa viatu. Sisi santri ilifunguliwa asubuhi na kufungwa kabla jua halijalegea, na siku ya mawingu betri zilikufa mapema zaidi, na siku ya uvumi tulifukuzwa mikate ikiwa bado ndani ya moto. Basi tukacheza kama tunavyoishi. Kila kikundi kilipika mikate midogo tu, na kabla ya kutoka kiliuza yote, kwa bei yoyote, ghala linabaki jeupe. Anakuja mtu wa motari, mwenye pikipiki, mlangoni, anasema kule darajani watu wanakimbia, na hapo hapo ukumbi mzima unaanza kuuza. Viwanda vyote vinamwaga mikate kwa pamoja, bei inaanguka, tunapata hasara wote. Fomatere Pascal, aliyekuwa ametoka Bukavu na alituonea huruma kwa njia yake, alicheka mpaka akafuta miwani. Alituuliza ni mwizi gani atakayeingia ndani ya ekrani kuiba mikate ya picha. Tulijua hayupo. Lakini mikono ilikuwa haijui. Mtu aliyekulia Baraka ya vita haachi kitu ghalani na kugeuza mgongo. Samaki unauza leo. Mihogo unang'oa kabla wengine hawajakung'olea. Mbuzi akinona unamuuza, kwa sababu mbuzi aliyenona anajulikana. Kwenye raporo, ripoti yake ya mwezi, Fomatere aliandika kwamba hatuna moyo wa kungojea faida.

Na kuna kitu kingine tulichokuwa nacho, ambacho Fomatere alijifunza kwetu na kukitumia vibaya. Kwetu mtu anasoma majirani. Redio inachelewa, askari wanadanganya, lakini jirani akitoa godoro nje na kulikunja, unajua. Mwenye duka akifunga mapema, unajua. Mwalimu akivuka barabara na mbuzi wake wakati wa masomo, unawafuata watoto wako shuleni bila kuuliza. Mtu anayetoka wa kwanza anaokoa wengi, na jioni hiyo hiyo watu wanaanza kuulizana nani alimwambia. Mama mmoja wa mtaa wetu alihamisha sufuria zake kwa kaka yake kwa sababu ya panya tu, na kesho yake risasi zikalia. Mpaka anahama Baraka watu hawakumwamini tena.

Esteri aliingia kikundi chetu kwa kura. Sisi wawili, Apendeki na mimi, tulijuana tangu kisimani: yeye muuza ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani, mcheshi, mikono inayonuka samaki hata baada ya sabuni, mwenye kutoa majina ya utani kwa kila mtu. Aliposikia tumepewa mtu wa Bibokoboko aliniambia sikioni kwamba sasa tumekwisha, huyu atatupikia mikate ya maziwa. Esteri alikuwa mrefu, mwembamba, mtu wa kanisa, anakaa kwenye chumba nyuma ya nyumba ya mchungaji wake, na alisalimia kwa mikono miwili. Saa ya chakula santri walitupatia bugali na samaki. Siku za kwanza hakugusa. Alikuja na maziwa yake ya kuganda ndani ya chupa ya plastiki, anakunywa akiangalia ukuta, na Apendeki anainua ndakala mmoja kwa mkia na kumwambia huyu anakuuliza habari za ng'ombe. Alivumilia. Siku moja akamchukua yule ndakala kutoka mkononi mwa Apendeki, akamla mzima na kichwa, akatafuna taratibu, akasema amemjibu kwamba ng'ombe hawajambo. Apendeki alicheka mpaka akajipiga paja. Kutoka siku ile walikuwa wakigombana kama dada.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa kitufe. Juma la kwanza tu, wakati wa kufunga, Esteri alibonyeza otomatiki na kusimama aende. Apendeki akampiga kofi la mkono, akauza mikate yote. Esteri hakuelewa kabisa. Kwao, alitueleza, ng'ombe wako wote hawakai kwako. Huyu unampa rafiki upande ule wa mto, huyu unampa shemeji, kila mtu anamchunga aliyepewa, anakunywa maziwa, na wewe unakwenda zako. "Ukirudia kule unakuta iko na mutoto," alisema. "Kama unakaa nayo yote kwako, siku moja tu unapoteza yote." Apendeki akamjibu: "Samaki yangu nikimuachia shemeji, nikirudi nakuta shemeji amenona." Tulibishana siku nyingi. Mwishowe nilisema tujaribu mara moja, mikate michache, tuone. Asubuhi yake tulifika kabla ya wote. Mikate ilikuwa ghalani, imepangwa, na tanuri limeshawasha nyingine. Apendeki aliangalia ekrani kwa muda, akauliza polepole kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto: "Hakuna mwenye alikula?" Tangu hapo kile kitufe tulikiita mchungaji wa Esteri.

Ninapokumbuka sasa, naona nilimwonea wivu. Alikuwa mtu wa kwanza niliyemwona anayeweza kugeuza mgongo kwa kitu chake. Lakini naona pia kile ambacho nilikataa kukiona wakati ule, kwamba alitufundisha kuamini kitufe katika mwaka ambao wachungaji wake wa kweli, wa ng'ombe, walikuwa wakikimbia. Alipigiwa simu akiwa darasani, anatoka nje, anasimama kwenye ua wa mianzi, anaongea chini chini kwa Kinyarwanda, na ukumbi mzima unapunguza sauti kusikiliza lugha ambayo hakuna aliyeijua vizuri. Akirudi, tunamuuliza ni nini, anasema ni ng'ombe. Siku nyingine anasema ni nyumba. Siku moja aliketi tu, akapanga unga wa juma zima bila kukosea. Watu wetu nao walikuwa wakishuka kutoka mashambani na vifurushi, wamechomewa pia, na wengine walilala kwenye shule iliyo jirani na santri. Tulikuwa tunapita kati yao asubuhi kwenda kupika mikate ya picha. Hakuna aliyeona aibu. Mtu ana mwaka mmoja na tanuri moja la kushinda, anapita.

Siku ya biskuti nitaieleza polepole, kwa sababu ndiyo niliyoieleza na sikusikilizwa. Nilikuwa nimeloweka mihogo kwenye dimbwi la mtoni. Muhogo wetu mchungu, lazima ukae majini mpaka ulainike na sumu itoke, halafu unautoa, unamenya, unauanika juu ya mawe. Ukiutoa mapema, unawalisha watoto sumu. Ukichelewa, unaoza au unaibiwa. Ilikuwa mihogo yote ya shamba langu, maana uvumi ulikuwa mwingi na mimi niling'oa yote kwa mpigo, kama tulivyozoea. Nilitaka kukaa kule mtoni na mtoto wangu, nikiilinda na kuianika, bila kufikiri santri. Apendeki naye alitaka kwenda Kazimia, alisikia samaki wamejaa kule na boti inaondoka. Kwa hiyo siku ile nilisema: tuweke biskuti, zile ndefu kuliko zote, na mchungaji juu yake, na tusirudi hapa mpaka mihogo yangu imekauka. Esteri akakataa. Alikuwa ameangalia bei na kuona kwamba mikate midogo ingepanda juma lile, na yeye yuko tayari kuja kila siku peke yake kuitoa. Alitusihi. Alisema kupika biskuti juma la bei nzuri ni kumfunga ng'ombe kwenye majani mazuri mdomo ukiwa umefungwa. Apendeki alinisaidia mimi. Tukawa wawili kwa mmoja. Mikono ya Apendeki ilikuwa na mafuta ya samaki, yangu ilikuwa imeshika mtoto anayenyonya, basi kipanya kilikuwa kwa Esteri, kama kawaida, na jina la kuingilia lilikuwa lake. Alibonyeza akiwa amenuna. "Haya, bamama," alisema. "Mutakuja kulia bei."

Kesho yake asubuhi nilikuwa mtoni, maji mpaka magotini, nabonyeza muhogo kwa kidole kuona kama umelainika. Haukuwa umelainika. Ndipo nikasikia upande wa milima, mbali kwanza, kama mtu anayepiga mabati, na wanawake wote waliokuwa wakifua wakainua vichwa kwa pamoja. Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja alianza kukunja nguo zikiwa na povu. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikaangalia mihogo yangu, nikaanza kuitoa, nikairudisha, nikaitoa tena. Haikuwa imeiva. Ilikuwa bado sumu. Risasi zikasogea, nikaiacha. Tulikwenda na barabara ya kaskazini kuelekea Lusenda, watu wote kwenye mstari mmoja, magodoro vichwani, bata chini ya kwapa, wenye motari wakipita katikati kwa nguvu. Tulilala kwenye kanisa, kisha kwenye uwanja wa watu nisiowajua, na Warundi wa kambini, waliokuwa wamekimbia kwao kabla yetu, walituletea maharage kwenye beseni na kutuonyesha mahali pa kuchota maji. Mtoto alikuwa na homa. Mimi, nikiwa nimemlaza kifuani, nilijikuta nafikiri biskuti. Ni wazimu, najua. Nilihesabu unga uliobaki ghalani, nikajiuliza kama mchungaji wa Esteri angenunua mwingine kwa bei mbaya. Nilihitaji kitu kimoja duniani kinachoendelea bila mimi, na kilichokuwepo ni kile tu.

Tuliporudi, mihogo ilikuwa uji mweusi unaonuka, nusu imebebwa. Santri haikuguswa. Pano za jua zilikuwa juu bado, antena bado inaomba. Esteri hakuwa amekimbia kwenda kwao, alikimbia na waumini wa kanisa lake kama wengine, akarudi kama wengine, na godoro kichwani. Apendeki aliletwa na boti. Tulikumbatiana mlangoni, watatu, na nikamwambia Esteri kwamba bei hatukulia. Akacheka. Tukaingia, Fomatere akawasha projekteri, na yaliyofuata nimeshayasema.

Nilipong'oa waya nilidhani nimemaliza. Kumbe sentensi ilishatoka mlangoni kabla yangu. Jioni ile vijana walikwenda kwa mchungaji wa kanisa lake kuuliza, kwa adabu, ni wageni gani anaolaza. Siku iliyofuata walirudi bila adabu. Nilimkuta Esteri amekaa juu ya kifurushi chake, chumba kimefagiwa, ndoo imepinduliwa. Nilimwambia nitasema ukweli kila mahali, nimeshaanza kusema sokoni. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Alisema hana hasira na vijana, wamefiwa. Hasira yake ni kwa mtu aliyesoma, anayejua jinsi kitufe kile kinavyofanya kazi, na bado akauliza vile. Alfajiri mchungaji wake alimpandisha boti ya kwenda Uvira, amejifunika kitenge cha chama cha kwaya mpaka machoni. Hakuniaga. Aliniachia ile chupa ya plastiki ya maziwa kwenye kizingiti cha mlango wangu, imeoshwa.

Siku chache baadaye tuliitwa kusikiliza raporo ya kipindi, ile inayopelekwa kwa wakubwa wanaotoa tanuri. Fomatere alisoma kwa Kifaransa, akatafsiri. Kikundi chetu kilisifiwa kwa kupanga uzalishaji vizuri. Kisha ikafuata sentensi moja, kwamba matokeo haya yapokelewe kwa tahadhari, kwa kuwa mwanakikundi mmoja, ambaye sasa ameacha mafunzo bila kuaga, huenda alikuwa na habari za mapema juu ya mapigano. Nilimfuata birooni, ofisini kwake. Nilimweleza mihogo, boti ya Kazimia, mabishano, wawili kwa mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hayo ni maneno, Mama Echa, na mashine inaonyesha jina moja. Akasema pia, na hapo aliinama kama anayenisaidia, kwamba nikae kimya nitapata tanuri, kwa sababu raporo hainigusi mimi. Apendeki naye aliniambia niache. Tulikuwa tumekaa kwenye meza yake ya ndakala, anafukuza nzi. "Uko na mutoto, we," alisema. "Bale bavijana banaweza kuja kwako." Nikamwambia ndiyo, wanaweza. Akafukuza nzi kwa muda, halafu akafuta mikono yake kwenye kitenge, akauliza nina kalamu.

Barua niliiandika kwa Kiswahili, ingawa Kifaransa nilikisoma mpaka mwisho wa sekondari, kwa sababu nilitaka isomwe mlangoni na mtu yeyote anayepita. Sekretere wa santri alikataa kuipokea, akasema hakuna njia ya kulalamikia mchezo. Nikaketi kwenye mlango wa biro na mtoto, nikanyonyesha pale pale, watu wakawa wananiruka kuingia na kutoka, mpaka mkurugenzi mwenyewe alipotoka kuona ni nini, akaisoma amesimama, akaisoma tena, akamwambia sekretere alete stempu. Nakala yangu ninayo, ina stempu ya kupokelewa, imekunjika. Maneno yake ni haya:

Kwa Bwana Mkurugenzi. Jambo: sentensi moja ya raporo.

Bwana Mkurugenzi, ninalalamika rasmi juu ya sentensi inayosema kwamba mwenzetu Esteri alikuwa na habari za vita. Komande ya biskuti haikuwa wazo lake. Niliichagua mimi, kwa sababu nilikuwa na mihogo majini, na mwenzangu Apendeki, anayeweka sahihi hapa chini, alinikubalia kwa sababu alikuwa na safari ya Kazimia. Esteri alikataa. Tulimshinda kwa kura, akabonyeza kwa sababu mikono yetu ilikuwa na kazi nyingine. Mashine yenu imehifadhi kidole kilichobonyeza. Haikuhifadhi mdomo ulioamuru.

Tena ninaomba mfikiri hivi. Mihogo ile ilikuwa chakula cha nyumba yangu yote, na imeozea majini. Mtu anayejua kwamba kesho atakimbia haloweki mihogo.

Ninadai sentensi hiyo ifutwe, na isomwe kwamba imefutwa, mbele ya watu walewale walioisikia, kwenye ukuta uleule. Kama kuifuta kunanyima kikundi chetu tanuri, mpeni tanuri mtu mwingine.

Na kama hamwezi kuifuta, basi andikeni jina langu mahali pa jina lake, maana saa ile ya biskuti niliichagua mimi. Vijana wanaotaka kuuliza nani alijua nini, waambieni waje kwangu. Ni nyumba ya mwisho kabla ya mtoni, mlango wa buluu. Nipo kila siku.